Tumpe, Mkwe Wake na Lori la Sumbawanga

Tangu turudi, duka la baba limejaa watu wasionunua. Mtu anaingia, anashika kitambaa, anakipapasa kama mwenye nia, kisha anauliza: "Zuhura, hivi ni kweli Tumpe aligoma kupanda gari?" Baba amechoka. Kaniambia niandike yote nimalize, yeye auze vitenge vyake kwa amani. Basi haya hapa. Habari za ruhusa na tiketi naziruka, hazina utamu. Ila nianze na hili moja: Tumpe, mfungaji wetu, hakugoma. Mwenye kusema aligoma aje anieleze mimi, usoni.

Tukuyu hadi Mbeya: wanane na mvua

Tuliondoka stendi ya Tukuyu Ijumaa alfajiri, na ile mvua yetu isiyo na haya. Tulikuwa wachezaji wanane na mwalimu Haule, kocha wetu, Mngoni wa watu aliyehamia kufundisha shule ya msingi hapa na bado anaishangaa baridi. Jezi tulizovaa ni za mitumba, mgongoni zimeandikwa majina ya watu wa Ulaya. Mimi nilikuwa nimeandikwa jina refu ambalo hata mwalimu alishindwa kulisoma.

Wadogo hamkumbuki, lakini timu yetu ya Radi haikuzaliwa na shida. Ligi yetu ya mpira wa pete ya kanda ilianza wakati kila shirika lina timu yake. Wa chai walikuwa na timu, wa ushirika, wa benki, wa posta, hata wa maghala ya mahindi. Mfungaji mzuri alipewa kazi ya ukarani, na siku ya mechi anatoka ofisini saa nne kwa baraka zote. Mawifi zangu wawili waliolewa kwa sababu ya ligi hiyo. Kisha mashirika yakaanza kuuzwa, na mwenye mali mpya akija kitu cha kwanza anauliza, hawa wanawake wanaorusha mpira wanazalisha nini? Timu zikafa moja moja, bila hata tangazo. Ulikuwa unakwenda ugenini unakuta uwanja wamepanda mahindi.

Zilibaki nne: ya Mbeya, ya Njombe, ya Sumbawanga, na sisi. Sisi tulibaki kwa sababu hatukuwa mali ya mtu. Ni wakulima wa Ikuti na Kinyala, mwalimu mmoja, muuza samaki, na mimi mtoto wa duka, ambaye babu yangu alitoka Bagamoyo na cherehani akasema atakaa Tukuyu mwaka mmoja tu.

Sasa sikieni kilichokuwa shingoni mwetu. Msimu huu tulishakosa kufika Njombe mara moja, basi lilitufia Igawa. Kanuni ya ligi inasema timu ikikosa kufika mara ya pili inafutwa. Na kufika ni kufika na watu saba. Wakiwa sita refa hata mpira hatoi. Radi ikifutwa haitarudi, hilo kila mmoja wetu alilijua. Ndiyo maana ndani ya basi hapakuwa na nyimbo. Tulipita Kiwira, tukapanda Isongole kwenye ukungu, tukashuka Uyole, na mtu pekee aliyekuwa akisema ni Bupe, mlinzi mwenzangu, aliyekuwa akiuliza kila kituo kama kuna chakula.

Mbeya hadi Tunduma: samaki wa Bupe

Basi la Sumbawanga lilitoka Mbeya limechelewa na likaenda kwa kujikongoja. Karibu na Vwawa likaanza kutoa moshi, dereva akashuka, akalizunguka, akapanda tena. Tulipoingia Tunduma jua limeinama, likazima katikati ya barabara, malori ya Zambia yanalipigia honi mbele na nyuma. Fundi akafungua, akatazama, akafunga. Nikajua.

"Hili halitoki mpaka spea ije kutoka Mbeya," akasema kondakta. "Basi lingine ni kesho kutwa."

Mechi ilikuwa kesho, saa kumi jioni. Mwalimu Haule alikaa juu ya mfuko wa mipira akashika kichwa. Nilimhurumia, lakini pia nilimkasirikia, maana kocha akishika kichwa mbele ya wachezaji, wachezaji washike nini?

Tukapata nyumba ya wageni. Mimi nikala chapati na chai, kwa sababu mama lishe wa pale nilipomuuliza nyama kachinja nani alinitazama kama nimemtukana. Bupe akala samaki. Nikamwambia, Bupe, samaki huyo ameliona ziwa lini? Akasema nina maringo ya Kiswahili. Asubuhi hakuweza kusimama. Alikuwa na tumbo la kuendesha, uso umekuwa wa majivu, na anatuomba msamaha kila baada ya pumzi. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, alisema atamtunza na kumpeleka zahanati.

Tukabaki saba. Hesabu ilikuwa imekwisha hapo, hakuna wa ziada.

Tunduma: mtu aliyekaa juu ya ndizi

Mwalimu Haule alikuwa amekwenda kutafuta usafiri tangu adhana. Akarudi anakimbia, tope mpaka magotini, anacheka. Amepata lori la ndizi linakwenda Sumbawanga, limetoka kwetu Rungwe, linaondoka sasa hivi, na dereva amekubali kutupakia juu ya mzigo. Siku hizi za soko huria ndizi zetu zinafika hata zisikojulikana jina. Tukabeba mifuko tukamfuata mbio.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Juu ya mikungu walikaa wazee watatu wenye mali. Mimi nilikuwa mbele, Tumpe nyuma yangu. Nikasikia mfuko unaanguka. Nikageuka, Tumpe hayupo. Amejitupia kanga kichwani hadi kidevuni na amejificha nyuma ya kibanda cha soda, uso ukutani.

Nikatazama tena juu ya lori. Mzee wa kati, mwenye koti la mvua na kofia ya pama, alikuwa amegeuza uso upande wa pili, anatazama milima ya Zambia kana kwamba kuna mtu anamwita huko. Nikamtambua. Mzee Mwasomola wa Kinyala. Baba mkwe wa Tumpe.

Ninyi wa Tukuyu mnajua, lakini kwa wageni watakaosoma: kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, wenyewe huiita ukutila. Hapiti mbele yake, hamtazami, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Nyumbani kwao Kinyala Tumpe ana njia yake nyuma ya migomba, na mzee akitaka kupita mahali hukohoa kwanza. Wasichana wa mjini wameanza kulegeza. Tumpe si wa kulegeza, na mzee yule ndiye kabisa.

Mwalimu Haule hakujua lolote. Yeye aliona mfungaji wake kajificha na lori linaunguruma.

"Tumpe, panda!"

Tumpe akaivuta kanga zaidi.

"Wewe, timu inakufa hapa, unaona haya ya nini? Umeogopa Sumbawanga? Au wamekupa kitu kidogo?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamvuta mwalimu mkono, nikamwambia hilo la kupewa kitu alimeze kabla halijasikika. Nikamweleza. Akasikiliza mdomo wazi, kisha akasema, "Kwa hiyo haiwezekani wafumbe macho?"

Nikaenda nyuma ya kibanda. Tumpe bado uso wake uko ukutani. "Dada Zuhura," akasema taratibu, "nitatembea kwa miguu. Nyie tangulieni." Kwa miguu hadi Sumbawanga, jamani. Na alimaanisha.

Nikamwambia tufunge turubai katikati, yeye akae nyuma, mzee mbele. Akatikisa kichwa. Nikaenda kwa mzee, nikasimama chini ya lori, nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Malahaba mwanangu. Wewe ni wa dukani."

"Ndiyo baba. Tumefikiri tufunge turubai."

"Tulubai si ukuta," akasema. R kwake ni L, kama kwa wazee wengi wa kule. "Upepo utalifunua. Halafu mimi nitasema nini kwa watu?"

"Na kule mbele kwa dereva?"

"Mbele kuna mama na mtoto mchanga. Nimshushe mzazi?"

Hakuwa mkali, ila hakutoa nafasi. Na haki ilikuwa yake, gari alilikuta yeye na mzigo ni wake. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Dada, mimi ndizi zinaiva. Mnapanda au hampandi?" Wachezaji wengine watano walikuwa wamesimama na mifuko, wananitazama mimi.

Mzee akauliza, bado anatazama Zambia: "Huyo asipokwenda, hamchezi?"

"Hatuchezi, baba. Na timu inafutwa. Moja kwa moja."

"Hata na mtu mwingine wa kuazima?"

"Hairuhusiwi."

Aliitazama mikungu yake, mmoja mmoja. Kisha akakohoa kwa nguvu, kile kikohozi cha Kinyakyusa cha kusema ninapita, na nyuma ya kibanda Tumpe akajikunja zaidi. Mzee akashuka. Akashuka kwa upande wa pili, taratibu, maana ana mguu mbaya, akasimama kwenye tope ametupa mgongo.

"Mikungu yangu imefungwa majani makavu kwenye kikonyo," akaniambia. "Itunzeni. Mimi nitapata gali la kesho."

Mwalimu Haule alitaka kumshika mkono amshukuru. Mzee akamwambia aende, gari linaondoka. Nikamweleza kwamba tumemwacha mwenzetu mgonjwa nyumba ile ya bati jekundu. Akaitikia kwa kichwa tu. Tulipopita kibanda Tumpe akapanda amejifunika, na hakufunua uso mpaka Tunduma ilipokwisha kuonekana.

Laela: tope

Barabara ile sitaki kuisema sana, nikiisema mgongo unauma. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Tulikaa juu ya mikungu tumeshikana, na kila shimo mtu anaomba dua ya dini yake. Laela tulisimama dereva atie maji, tukanunua migebuka ya kukaushwa na ugali wa moto tuliokula kwa kuupitisha mkono kwa mkono. Nilipomtania Tumpe kwamba hawa samaki ni ndugu za yule wa Bupe, hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni kabisa, hakutaka kukalia mikungu ya mzee. Ameiweka kwenye kona, majani makavu yameelekea juu, na mkono ameuweka pale.

Mbele kidogo ya Laela kuna mlima mdogo wa udongo mwekundu. Lori lilipanda nusu, likateleza, likakaa. Dereva akajaribu, magurudumu yakachimba. Akashuka akatazama, akasema mzigo upungue.

Wazee wawili waliobaki walianza kushusha ndizi zao kwa kulalamika. Utingo, mtu mzima mwenye haraka zake, akapanda juu akasema, "Hizi za yule aliyeshuka tutupe. Mwenyewe hayupo, na nyie mnawahi mpira."

Sitawadanganya, wazo lile lilipita kichwani mwangu likakaa. Jua lilikuwa linavuka kichwa. Mlima ule kushusha, kubeba juu, kurudi, kubeba, kupakia tena, ni muda ambao hatukuwa nao. Mwalimu Haule alinitazama, nikamtazama, na wote tukawa tunasubiri mwingine aseme ndiyo.

Tumpe hakusubiri. Alishuka, akafunga kanga kiunoni, akavuta mkungu wa kwanza wenye majani makavu, akautia begani na kuanza kupanda mlima bila viatu. Akaufikisha juu, akaulaza kwenye nyasi, akarudi.

"Tumpe, tunachelewa," nikamwambia. "Tukichelewa, hata huko kushuka kwake kumekuwa bure."

Akasimama na mkungu wa pili begani, jasho linaingia machoni. "Yeye ameshuka ili mimi nifike," akasema. "Nikifika ndizi zake ziko mtaroni, nitarudi Kinyala kwa njia ipi?"

Nikavua viatu. Wakavua wote, na mwalimu Haule akavua soksi zake alizokuwa anazitunza kavu tangu Mbeya. Tulibeba mikungu yote, ya mzee Mwasomola na ya wale wengine, kwa sababu ukishaanza kubeba huwezi tena kuchagua. Tulianguka, tukainuka. Mara moja mimi nilibingirika na mkungu tukafika chini pamoja, na hapo ndipo Tumpe alicheka kwa mara ya kwanza safari nzima. Lori likapanda jepesi. Tukapakia tena. Mkono wa kulia wa Tumpe ulikuwa hauinuki vizuri, akasema si kitu.

Sumbawanga: filimbi mdomoni

Tuliingia mjini tunapiga kelele juu ya lori watu watupishe. Dereva, Mungu ambariki, hakutupeleka sokoni, alikwenda moja kwa moja uwanjani na ndizi zake. Wenyeji walikuwa wamejipanga peke yao katikati, weupe kwa usafi, wanasubiri ushindi wa mezani. Refa alikuwa anatazama saa na filimbi tayari iko mdomoni.

Mwalimu Haule aliruka chini kabla lori halijasimama. "Tumefika," akawa anasema, "tumefika, tumefika," sauti imepotea.

Refa akatuhesabu. Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, na akaanza upya, kwa sababu wote tulikuwa rangi moja ya udongo na namba za jezi hazisomeki. Saba. Akatoa filimbi mdomoni, akasema, "Nawapeni nafasi ya kunawa uso."

Mnataka kujua tulishinda. Hatukushinda. Tulifungwa, na tulifungwa vizuri. Tumpe alirusha kwa mkono mbaya na mipira mingi ikagonga chuma. Mimi niliteleza kama mtu anayecheza juu ya sabuni. Lakini tulicheza hadi filimbi ya mwisho, tukaandikwa tumecheza, na Radi ikabaki kwenye ligi. Wale wasichana wa Sumbawanga walipojua tumebeba ndizi walitupeleka kwao wakatupa maji ya moto, na nahodha wao alinisugua mgongo kama mama yangu. Akaniambia, "Mngefutwa, tungebaki tatu. Tungecheza na nani?"

Kesho yake mzee Mwasomola alifika na gari la abiria. Alikuwa na Bupe, kamshika mkono. Kumbe pale Tunduma alikwenda nyumba ya bati jekundu akamtafutia uji, akakaa mlangoni kwake mpaka alipopata nguvu. Alikuta mikungu yake kwenye uzio wa soko imepangwa, imefutwa tope, imefunikwa kanga ya Tumpe. Aliitambua kanga. Hakuigusa.

"Iondoe wewe," akaniambia.

Nikaiondoa. Akahesabu kwa macho, akaona hakuna uliopungua. Kisha akasema, "Mwambie ndaga." Ni shukrani ya kwao. Nikamwambia mzee kwamba Tumpe yuko nyuma ya ghala, anasikia hata nisipopeleka. Mzee akageukia upande mwingine, akasema tena, safari hii asante sana, kwa sauti ya kufika mbali: "Ndaga fijo."

Nyumbani

Jumamosi iliyopita mlikuwepo wengi tulipocheza na Njombe hapa kwetu, na wengi mliuliza yule mzee nje ya uzio, aliyekaa juu ya debe ameupa uwanja mgongo, alikuwa mlevi au vipi. Hakuwa mlevi. Alitoka Kinyala kwa miguu, na mguu wake ule.

Wakati wa mapumziko nilimpelekea maji. Nikamuuliza anafuatiliaje mchezo akiwa hivyo.

"Mpila ukiingia mnapiga vigelegele?"

"Tunapiga, baba."

"Basi inatosha."

Robo ya mwisho tulikuwa sawasawa, na muda umekwisha kabisa. Mpira ukafika kwa Tumpe chini ya pete, mkono umepona. Watu wote mlimtazama yeye. Mimi nilikuwa golini kwangu, upande wa uzio, nikamtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yote miwili ameikamata kofia kifuani.

Vigelegele vikapigwa. Mzee akasimama, akakohoa kile kikohozi chake, akavaa kofia na kushika njia ya Kinyala mapema, ili awe ameshapita kabla mkamwana wake hajatoka.